Kinamasi ndani ya boksi: shajara ya mradi wa msitu wa makaa ya mawe

12 Aprili 2025, Jumamosi

Boksi limeanza. Fundi amekata plaiwudi: urefu sentimita 120, upana 60, ukuta wa nyuma sentimita 80 kwenda juu. Skeli tuliyokubaliana ni 1:50, kwa hiyo kiwanja chetu ni sawa na ardhi ya mita 60 kwa 30. Klabu ya jiografia ina wanachama kumi na wanne kwenye daftari. Wanaokuja Jumamosi ni wanne.

Wazo lenyewe lilitoka barabarani. Malori ya makaa ya mawe ya Mbinga yanapita hapa Songea kuelekea Mtwara, mchana na usiku, na watoto wanayahesabu wakiwa wamekaa kwenye uzio. Nikaona siku ya taaluma mwishoni mwa Mei ndiyo nafasi ya kuwaonesha wazazi mawe yale yalikuwa nini kabla hayajawa mawe. Kijana wa Kidato cha Tatu ameleta bonge la makaa kutoka mgodi wa Ngaka, Mbinga, kubwa kama nusu tofali, limemchafua shati hadi kwapani. Mpango ni mwepesi: msitu nyuma, bonge mbele, na kibao kimoja chenye mshale.

16 Aprili, Jumatano usiku

Nimekaa na picha zote nilizokusanya za misitu ya kipindi cha Kaboniferasi, na zote zinafanana: mti mkubwa kulia, kereng'ende kama kunguru katikati, jongoo mrefu kuliko mtu chini, mjusi juu ya kisiki. Wamesongamana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni.

Kipindi hicho kilidumu miaka milioni 60, tangu takriban milioni 359 iliyopita hadi milioni 299. Wajiolojia wawili wa Uingereza, William Conybeare na William Phillips, walikipa jina mwaka 1822 kwa sababu ya matabaka ya makaa ya nchi yao. Kaboniferasi maana yake ni chenye kubeba makaa. Milioni 60 ni karibu muda wote uliopita tangu dinosaria watoweke. Kuweka viumbe vya muda wote huo kwenye picha moja ni kama kupiga picha ya harusi ukamwita na babu wa babu wa bwana harusi, aliyefariki zamani.

Kwa hiyo nimeamua kwamba hatutajenga "Kaboniferasi". Tutajenga mahali pamoja, siku moja. Nimechagua Joggins, Nova Scotia, Kanada. Pale kuna genge la bahari lenye urefu wa kilomita kama 15, na maji ya Ghuba ya Fundy, yanayopanda na kushuka zaidi ya mita 10, yanalimega kila siku na kufichua miti iliyosimama wima ndani ya mwamba, pale pale ilipoota zaidi ya miaka milioni 310 iliyopita. Charles Lyell, mwanajiolojia wa Uingereza, alifika kuiona mwaka 1842. UNESCO ililiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Zamani hizo ardhi ile ilikuwa karibu na ikweta, yenye joto na mvua, na ilikuwa ikizama upesi mno, ndiyo maana mchanga na tope viliwahi kuifunika miti kabla haijaanguka.

Kanuni ya mradi, nimeiandika ubaoni: kitu kisichokuwepo Joggins hakiingii boksini.

26 Aprili, Jumamosi

Sikukuu ya Muungano, shule imetulia, tumefanya kazi kuliko siku zote.

Tumeanza na Lepidodendron. Watoto wameubatiza mti-magamba, na hilo ndilo hasa jina lake la Kigiriki linavyosema. Mti halisi ulifika mita 30 na zaidi, na shina lenye unene wa mita moja au zaidi chini. Kwetu ni sentimita 60 kwa mbili. Gome lake lina alama za almasi zilizopangwa kwa mzunguko, kila alama ni pale jani lilipokuwa limeshika. Tulihangaika kuzichonga kwa msumari hadi binti mmoja akaleta mfuko wa wavu wa vitunguu. Unapaka jipsam juu ya fimbo, unasubiri ishike kidogo, unaviringisha wavu na kukaza, unabandua. Almasi safi kabisa. Kwa saa mbili tulikuwa na mashina tisa.

Kisha tukaharibu. Wote wanne walikuwa wameweka matawi kila mti, kofia pana juu kama mibuyu, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale nikiwasifia. Nilipokwenda kunywa chai nikakumbuka nilichosoma wiki nzima: mti-magamba ulikua kama nguzo, bila tawi hata moja, na majani membamba yamejaa juu kama brashi ya chupa. Ulitoa matawi mwishoni mwa maisha yake, ukazaa mbegu-vumbi, ukafa. Kwa hiyo msitu wenye miti ya umri mbalimbali ulikuwa zaidi nguzo, na jua lilifika chini vizuri. Giza la msitu wa Amani au Udzungwa halikuwepo.

Tumekata matawi ya miti sita. Watoto walinuna. Mmoja akasema, "Madam, sasa ni nguzo za TANESCO." Nami naona anasema kweli, isipokuwa hizi zilikuwa za kijani. Gome changa lilikuwa likitengeneza chakula kama jani. Kopo la rangi ya kahawia nililonunua limebaki na kazi ndogo.

Na mbao ndani? Kidogo sana. Sehemu kubwa ya shina ilikuwa gome, nene, lililoshikilia mti mzima. Fundi aliuliza kama ungefaa kwa mlango. Haufai hata kwa kuni.

29 Aprili

Jipsam imepasuka miti miwili. Tulikausha juani, kosa. Kivulini.

3 Mei, Jumamosi

Sigillaria, mti-muhuri: alama zake zimepangwa kwa mistari iliyonyooka toka chini kwenda juu. Tumebandua karatasi ya juu ya boksi la katoni, mifereji ya ndani ikabaki wazi, tukaviringisha kwenye mrija. Dakika kumi kwa mti. Calamites ni rahisi zaidi: jamaa mkubwa wa mtandamto mdogo wenye vipingili unaoota kando ya mito hata kwetu, ila yeye alifika mita 10, na wengine zaidi. Vijiti vya matete, uzi kila kifundo, kwisha. Kangaga tumechuma halisi tukazikausha ndani ya kitabu cha mahudhurio, kwa idhini ya mwalimu wa zamu.

Kazi ya leo niliyoipenda ni kisiki. Mwaka 1852 Lyell alirudi Joggins pamoja na William Dawson, mwenyeji wa Nova Scotia, na ndani ya kisiki kilichojaa mchanga uliogeuka mwamba wakakuta mifupa midogo. Miti ile ilipozikwa nusu, sehemu ya ndani ilioza ikabaki tundu, na gome lenyewe likasimama kama pipa. Wanyama waliingia, ama kwa kuanguka ama kwa kujificha. Ndani ya baadhi ya visiki kuna mkaa wa moto wa zamani hizo, kwa hiyo huenda matundu mengine yalikuwa mapango yaliyochimbwa na moto wa nyika. Dawson aliendelea kupasua visiki, na mwaka 1860 akampa jina Hylonomus lyelli mnyama mmoja wa humo, mfano wa mjusi, urefu kama sentimita 20. Kwa zaidi ya miaka mia moja vitabu vimemwita reptilia wa zamani kuliko wote aliyeonekana kwa mifupa yake.

Kwa skeli yetu sentimita 20 ni milimita nne. Tumetumia punje ya mchele uliovunjika, tumeipaka rangi, tumeiweka kwenye mdomo wa kisiki kwa kibanio cha nyusi. Mama yangu amenipigia simu nikiwa nimeshika punje ile, sikupokea.

Jongoo pia ana haki ya kuwemo. Arthropleura ameacha nyayo zake Joggins, mistari miwili ya alama kama reli. Kipande kikubwa kuliko vyote cha mwili wake kimepatikana Northumberland, Uingereza, mwaka 2018, na waliokipima walikadiria urefu wa mita 2.6 na uzito wa kilo 50. Kwetu ni sentimita tano na kidogo. Kuna jambo lilituchekesha: jongoo wa kawaida wa uwani hapa Songea, wa sentimita 20, ukimtia boksini humo anakuwa wa mita 10. Kijana mmoja alijaribu. Jongoo aliangusha Calamites watatu akatolewa nje.

10 Mei, Jumamosi

Nimefungua stoo, harufu imenipokea mlangoni. Sakafu ya kinamasi tuliitengeneza kwa majani ya chai yaliyotumika, machicha ya kahawa na gundi ya unga. Wiki nzima imefunikwa kwa nailoni. Ukungu, mweupe na wa kijani, umepanda hadi kwenye mashina. Msitu wetu umeoza kabla haujawa makaa.

Tulikaa chini, na badala ya kupanga nani wa kulaumiwa (ni mimi), tukauliza swali lenyewe: kwa nini wao hawakuoza?

Jibu ambalo nilikuwa tayari nimeliandika kwenye kibao namba 4 ni lile maarufu. Kwamba mimea ilikuwa imevumbua lignini, kitu kinachokaza mbao, na kuvu wa kuimeng'enya walikuwa bado hawajatokea, basi magogo yakalundikana kwa mamilioni ya miaka bila mlaji. Ni hadithi tamu na nimeifundisha mara mbili. Tatizo ni kwamba utafiti uliotoka mwaka 2016 uliipinga kwa hoja ambazo sioni pa kuzikwepa. Miti-magamba, iliyochangia sehemu kubwa ya makaa yale, ilikuwa gome zaidi kuliko mbao, wala haikuwa na lignini ya kutisha. Na makaa yaliendelea kutengenezwa katika vipindi vya baadaye, kuvu wakiwepo. Sababu inayobaki ni ya kawaida: mvua nyingi ya tropiki, pamoja na ardhi inayozama taratibu, ili mabaki yafunikwe na maji yasiyo na oksijeni kabla hayajaliwa, na yaendelee kurundikana kwa sababu chini panashuka.

Wala huhitaji kurudi nyuma miaka milioni 300 kuona jambo hilo likitendeka. Katika bonde la Kongo, pande zote mbili za mpaka wa Kongo mbili, kuna mboji ya kinamasi ambayo ramani yake ya kwanza ilitoka mwaka 2017: kilomita za mraba 145,500, kubwa kuliko Malawi nzima, yenye kaboni tani bilioni 30 hivi. Kuvu wapo pale tele. Kinachowazuia ni maji.

Majani yetu ya chai hayakuwa majini, yalikuwa na unyevu tu, na unyevu ndio kuvu anaoupenda. Tumekwangua yote. Sakafu mpya: vumbi la mkaa, mchanga uliochomwa kwenye sufuria, gundi ya mbao, na vanishi tabaka nne kuwa maji. Kibao namba 4 nimekichana.

17 Mei, Jumamosi

Mgogoro wa kereng'ende.

Watoto wanamtaka. Meganeura, mabawa sentimita 65 na zaidi kutoka ncha hadi ncha. Hakuna picha ya Kaboniferasi isiyo naye. Lakini alipatikana Commentry, Ufaransa, mwaka 1880, Charles Brongniart akampa jina mwaka 1885, na mwamba wake ni wa karibu na mwisho kabisa wa kipindi, mamilioni ya miaka baada ya msitu wetu. Kanuni iko ubaoni kwa mwandiko wangu. Nikawaambia hapana. Kijana wa bonge la Ngaka akauliza kama Joggins hakukuwa na mdudu yeyote mwenye mabawa. Sikuwa na jibu la heshima, kwa hiyo tumepatana: kereng'ende mdogo wa waya, bila jina, wa saizi ya kawaida, ambayo kwa skeli hii ni kinukta. Hakuna aliyeridhika, nami nikiwemo.

Waliuliza pia kuhusu oksijeni. Makadirio mengi yanasema hewa ya mwishoni mwa kipindi hicho ilikuwa na oksijeni asilimia 30 hivi, leo ni 21, na wengi wanahusisha hilo na ukubwa wa wadudu. Nimewaruhusu waandike "huenda". Jongoo wa Northumberland aliishi kabla oksijeni haijafika kileleni, na bado alikuwa na mita mbili na nusu.

Jambo jingine. Jumatano hii, tarehe 14, jarida la Nature limetoa habari ya bamba la mwamba kutoka jimbo la Victoria, Australia, lenye nyayo zenye kucha, la miaka milioni 355 hivi. Kucha za namna ile ni za ukoo wa reptilia na jamaa zao. Maana yake ukoo huo ulikuwa tayari unatembea mwanzoni kabisa mwa Kaboniferasi, miaka milioni 35 hadi 40 kabla ya mchele wetu. Kibao cha kisiki kimebadilishwa: sasa kinasema mifupa ya reptilia ya zamani kuliko yote, si reptilia wa zamani kuliko wote. Ni mara ya tatu nakiandika upya na kalamu ya maki imekauka.

21 Mei, Jumatano

Leo nimeaibika, na afadhali nimeaibika leo kuliko tarehe 30.

Babu wa mmoja wa wanafunzi alikuja kuchukua fomu ya ada. Aliwahi kufanya kazi na watu wa kuchoronga miamba bonde la Ruhuhu. Alilitazama boksi kwa muda, akasifu gome, akachukua bonge la Ngaka akaligeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha. "Mwalimu," akasema, "hili halikutoka kwenye msitu huo." Kwa upole, kama anavyomwambia mtu kwamba kifungo cha shati kimefunguka.

Nilijua. Karoo, yale matabaka ya miamba yenye makaa yetu, imo hadi kwenye muhtasari wa Kidato cha Tano. Lakini malori yalikuwa yamenijaa kichwani, nikaunganisha makaa na makaa. Makaa ya Ngaka, Mchuchuma na Kiwira ni ya kipindi kilichofuata, Pamiani, kati ya miaka milioni 299 na 252 iliyopita. Miti-magamba haikuyatengeneza. Mti wake mkuu ni Glossopteris, wenye jani la umbo la ulimi, uliopukutisha majani kwa msimu na kuweka pete za mwaka kwenye mbao zake, mambo mawili ambayo mti-magamba wa ikweta hakuwa na haja nayo. Nchi hii ilikuwa kusini zaidi, ndani ya bara la Gondwana, lililounganisha Afrika na India, Australia, Amerika Kusini na Antaktika. Mawe aliyokuwa nayo mpelelezi Mwingereza Robert Scott na wenzake walipokufa kwenye barafu ya Antaktika mwaka 1912, kama kilo 16, yalikuwa na majani hayo hayo.

Mzee akaongeza jambo ambalo sikulijua vizuri: chini ya matabaka ya makaa ya Ruhuhu kuna mashapo yaliyoachwa na barafu. Kaboniferasi ilipokuwa ikielekea ukingoni, kule Ulaya na Amerika vinamasi vikifuka joto, huku kwetu kulikuwa na barafu. Watu wa Songea wanaolalamikia baridi ya Juni wangeomba radhi.

Na kumbe habari hizo mbili ni moja. Barafu ya kusini ilipokua, maji ya bahari yalipungua. Ilipoyeyuka, bahari ilipanda ikavizamisha vinamasi vya ikweta, ikavifunika kwa tope na chokaa, kisha ikarudi nyuma msitu ukaota tena. Ndiyo maana katika migodi mingi ya Marekani na Ulaya unakuta makaa, mwamba wa tope, chokaa, makaa tena, mara nyingi. Kijana wa bonge aliposikia hivyo akasema, basi barafu yetu ndiyo iliyozika makaa yao. Nimemwambia aandike sentensi hiyo yeye mwenyewe kwenye kibao namba 4, nafasi ilikuwa wazi.

Bonge limeondoka mbele ya boksi.

24 Mei, Jumamosi

Boksi la pili, dogo, la viatu. Jani moja la Glossopteris la karatasi nene, saizi yake halisi, na bonge la Ngaka juu ya kitambaa. Hatuna muda wa zaidi.

Uso wa mbele wa boksi kubwa umepakwa matabaka: udongo mweupe wenye mizizi chini, makaa juu yake, mwamba wa tope, chokaa, halafu tunarudia. Mizizi ya mti-magamba inagawanyika mbili mbili na kutambaa kwa upana bila kwenda chini sana. Tumeichora hivyo.

Halafu likaja wazo ambalo si langu. Nilikuwa nawasimulia kuhusu mgodi wa Riola huko Illinois, Marekani, ambako wanasayansi walieleza mwaka 2007 msitu mzima wa hekta 1,000 hivi, uliozamishwa ghafla, inaelekea na tetemeko la ardhi. Makaa yamechimbwa yakaisha, kwa hiyo mtu anatembea mahali palipokuwa na mboji, anainua taa, na msitu uko darini: mashina yaliyolala, majani ya kangaga, visiki vikitazamwa kwa chini. Wachimbaji wa milima ya Appalachia, huko huko Marekani, wanaviogopa visiki vya darini, kwa sababu gome lililogeuka makaa ni laini na kiini chake cha mwamba huchomoka bila onyo, kikamwangukia aliye chini. Binti wa wavu wa vitunguu akauliza: upande wa chini wa boksi letu una nini?

Hauna kitu. Tumelipindua lote, miti ikining'inia, mimi nimeshika pumzi, na wamechora dari la mgodi: duara za visiki, alama za almasi, majani. Kwa maandishi: "Hili ni dari la Illinois, si la Joggins." Kanuni imevunjwa kwa kukiri.

28 Mei

Miti mitatu imeng'oka tulipogeuza. Imegandishwa. Mchele umepotea. Mchele mpya umewekwa.

30 Mei, Ijumaa

Siku ya taaluma. Tumeweka boksi juu ya meza mbili zilizoachana katikati, tochi ya simu imefungwa kwenye mguu wa meza ikielekea juu. Mwanamume wa kijiti cha kiberiti, sentimita tatu na nusu, amesimama nje ya boksi kwa ajili ya kipimo. Walitaka awe ndani, nikakataa.

Wazazi walisimama mbele, wakatazama nguzo za kijani, wakauliza matawi yako wapi, na watoto walieleza wenyewe, bila kunitazama. Wadogo wa darasa la awali hawakusimama mbele kabisa. Waligundua upande wa chini dakika tano za kwanza na kuanzia hapo kulikuwa na foleni ya miguu ikichungulia toka chini ya kitambaa cha meza. Mkuu wa shule alipofika na wageni alikuta vibao vimepangwa vizuri na hakuna anayevisoma. Akavua miwani, akampa mgeni mmoja amshikie, akapiga magoti.

Yule mzee wa Ruhuhu alikuja na mfuko wa karatasi. Ndani mna kipande cha mwamba wa kijivu, bapa, chenye jani la umbo la ulimi lililokamilika, mshipa wa kati unaonekana kwa kidole. Alikaa nacho nyumbani miaka mingi, akiegemezea redio. Amekiweka kwenye boksi la viatu, kando ya bonge, akaliondoa jani letu la karatasi na kumrudishia mjukuu wake.